Kitufe Kisicholia

Bior alifika Kakuma siku ya Jumatatu akiwa amevaa suti, na kabla jua halijapanda vizuri kambi ilikuwa imeshajua amefuata nini. Alikuwa amemfuata Ayen, mjane wa kaka yake. Wengine walidai amefuata na binti pia, akamwoze kule Bor kwa ng'ombe wa kutosha. Wengine wakasema hapana, yule ni mtu wa kanisa, ana kazi ya ofisi, amekuja kutimiza linalompasa. Ila waliowahi nafasi kwenye benchi la Ayen la kuuzia chai, na benchi siku hiyo lilijaa kama la harusi, walisikia kwa masikio yao wenyewe kwamba lori la kurudi Sudan Kusini linaondoka mwisho wa mwezi, kwamba Ayen na binti yake Arek watakuwa ndani, na kwamba kile kinanda cha umeme cha marehemu hakitakuwemo.

"Kinauzwa," Bior alisema. "Kule tunahitaji mabati. Kelele zipo za kutosha."

Ayen alikuwa akimimina chai, na hakuinua macho. Kwa desturi ya Wadinka, ndugu wa marehemu ndiye mwenye neno nyumbani, na Ayen hakuwa mwanamke wa kupigana na desturi mbele ya wateja. Bior, labda kwa kuona ule ukimya, akaongeza jambo ambalo hakupaswa kuliongeza. Alisema kaka yake Malith alizaliwa na akili, angeweza kuwa mwalimu au hata mkubwa serikalini, lakini akaishia kufa mkimbizi, kazi yake kuwapigia walevi kinanda.

Mama mmoja Msomali aliyekuwa akipita na maziwa akasimama hapo hapo na ndoo yake, asipitwe.

"Shemeji," Ayen alisema, "wewe umewahi kumsikia akipiga?"

Bior hakuwahi. Vita viliwatenganisha wakiwa vijana, mmoja akaenda Khartoum, mwingine akaingia porini.

"Basi msikilize mara moja. Jumamosi ya wiki ijayo mwaka unatimia tangu afariki, na mjini Lodwar wanamfanyia kumbukumbu katika hoteli aliyokuwa akipiga. Arek atapiga nyimbo zake. Ukishasikia, uza."

Bior akacheka. Na mbele ya benchi zima, mbele ya yule mama wa maziwa, akatamka maneno ambayo kambi ilimwekea akiba: kinanda kikipigwa, naye akaona kuna kitu pale, atakibeba mwenyewe, kichwani, kama mwanamke anayetoka bombani.

Kufikia adhuhuri maneno hayo yalikuwa yamefika Kakuma Three, upande wa mbali wa kambi.

*

Malith hakuwa mtu wa kuelezwa kwa neno moja. Alijifunza kinanda Khartoum katika bendi za hoteli, zamani zile jazi ilipokuwa imeoana na fanki, besi zikipigwa kwa kidole gumba mpaka kiti kinatetemeka. Kakuma aliingia kwa miguu, mikono mitupu. Kinanda alikipata baadaye, kutoka kwa Mzungu wa misaada aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo nyumba ya Ayen haikuwahi kukosa watu. Waliokuja kukopa chumvi walibaki mpaka jioni.

"Mkono wa kushoto unafanya kazi," alipenda kuwaambia vijana, "wa kulia unapiga domo. Lakini domo halinogi kama kazi imesimama."

Alitunga kutokana na vitu ambavyo wengine walivipita tu. Foleni ya mgao wa chakula aliifanya wimbo. Besi inasogea hatua moja, inasimama, inasogea tena, inasimama, na juu yake mkono wa kulia unagombana kama akina mama wawili, mmoja amemruka mwenzake. Mara ya kwanza watu walicheka hadi machozi. Kisha, katikati ya kicheko, waliacha. Bwana mmoja aliyekuja kutoka Kaikor kuuza ngozi alisema amesimama katika foleni maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba kusimama juani ni kitu kinachoweza kuwa kizuri.

Lakini wimbo uliomjengea jina kutoka Kakuma mpaka Lodwar ulikuwa "Fahali wa Lopur". Kila mwanamume wa Kiturkana aliyechunga ana fahali wake wa kupenda, na fahali ana wimbo. Wimbo huu ulikuwa wa Lokorio, mfugaji wa Lopur, rafiki wa Malith. Malith aliuchukua akauwekea besi inayotembea kwa mwendo wa mnyama aliyeshiba. Na kila ulipofika kileleni ulikatika. Ngoma kimya, besi kimya, kinanda kimya, mapigo manne. Katika kimya hicho ukumbi mzima uliruka juu, kwa mruko wa Kiturkana, mwili umenyooka, na miguu yote ikatua pamoja wakati muziki unarudi. Vikombe viliruka mezani. Wageni waliokuja Lodwar mwaka ule mafuta yalipogunduliwa walishika viti wakidhani ardhi imepasuka.

Kwa nini kimya? Hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu kila mtu alijua. Kitufe kimoja cha kinanda kilikuwa kimekufa, na kilikufa hapo hapo sauti ya wimbo ilipokuwa ikienda. Malith mwenyewe alikuwa akicheka akiulizwa. "Kinanda cha msaada hicho," alisema. "Mlitegemea nini?"

*

Kwa hiyo Ayen alifanya jambo ambalo mke yeyote mwema angefanya. Alikifunga kinanda ndani ya kanga, akakipeleka kwa fundi wa redio, Mkongo, ili mume wake akumbukwe na kinanda kizima.

Fundi alikifungua, akakitazama kwa muda mrefu. "Mama, hii haikuharibika," alisema. "Kuko mutu aliondoa raba ya hapa ndani, ile ya kuliza kitufe. Aliiondoa muzuri, na kisu."

Ayen akadhani ni watoto. Fundi akakata raba kutoka kwenye rimoti kuukuu, akaipachika, akabonyeza. Kitufe kikalia. Ayen aliziba mdomo kwa mkono. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, maana alijiona kama amemrudishia Malith jino lililong'oka.

Jumapili, baada ya ibada, Nathan alifika kutoka Lodwar na bendi yake ili kufanya mazoezi na Arek katika ua wa kanisa. Nathan alikuwa Mturkana wa mjini, mpiga ngoma, aliyefanya kazi na Malith tangu mwanzo. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Bior alikaa kwenye kiti cha mchungaji, miguu ameikunja, akitazama saa.

Arek alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono ya baba yake. Alipoanza "Fahali wa Lopur", wazee walitikisa vichwa. Wimbo ukapanda. Ukafika kileleni, na pale palipokuwa kimya kidole cha Arek hakikusimama. Kiliendelea kwenye kile kitufe kipya, mara nne, na wimbo ukatoka mzima. Nathan alifurahi kupita kiasi. Maneno ya pale aliyajua, kama anavyoyajua kila mtu wa upande ule, akafungua kinywa na kuimba jina la fahali wa Lokorio. Vijana wakalidaka. Kufikia mzunguko wa tatu jina lilikuwa linaimbwa na ua mzima, Wadinka, Wakongo, watoto, mtu akipiga filimbi juu yake. Jina lenyewe halitaandikwa hapa.

Nyuma, karibu na lango, Lokorio alikuwa ameegemea fimbo yake. Alikuja sokoni na mbuzi, na kama kila siku ya soko alikuwa amepitia kwa Ayen kuchukua chai. Aliweka kikombe chini. Akaokota kigoda chake kidogo, akatoka.

Akeno, muuza kuni, ndiye aliyekiona kikombe kwanza. Chai imejaa, ya maziwa, sukari bado haijakorogwa. Akawaita wenzake waje waone. Kwa miaka yote hawakuwahi kuona mfugaji akiacha chai ya maziwa, na mmoja akatania kwamba labda mzee ameona nyoka. Hakuna aliyecheka sana.

Jioni habari zilifika: Lokorio ametukanwa, na aliyemtukana ni nyumba ya Malith. Hatakanyaga Lodwar. Nathan akashika kichwa. Alimwambia Ayen waziwazi kwamba nusu ya watakaokuja ni watu wa Lokorio, na wimbo huo ukipigwa bila ridhaa yake watainuka watoke, na yeye Nathan ataondoka nao. Wimbo huo usipopigwa, basi hakuna kumbukumbu. Bior alisikiliza yote, akasema kwa upole kwamba anamfahamu Mwarabu mmoja pale sokoni anayenunua vyombo vya umeme.

*

Lakini lawama kati ya nyumba na nyumba huondolewa na mwanamume, na hilo Bior hakuweza kulikwepa. Asubuhi alipanda pikipiki na suti yake, Ayen na Arek wakapanda nyingine, tumbaku na sukari zimefungwa kwenye leso. Walipofika Lopur suti ilikuwa na rangi ya barabara.

Lokorio alikuwa kando ya zizi la mbuzi.

"Ejok," Ayen alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," Lokorio alijibu, lakini alijibu akitazama mbuzi. Hakuwaonyesha pa kukaa. Walisimama juani, Bior akijipangusa uso, mpaka mke wa Lokorio akaona aibu, akawatandikia ngozi.

Ayen akaomba radhi. Alisema walitengeneza kilichoharibika tu, hawakukusudia ubaya. Hapo Lokorio akageuka.

"Nani aliambia wewe iliharibika?"

"Mwenyewe. Malith."

Mzee akamtazama, kisha akamtazama Arek, na hasira usoni mwake ikaanza kuwa kitu kingine. "Hakuambia nyinyi," alisema. "Hata mke yake."

Akakaa kwenye kigoda. Akasimulia taratibu, akisimama kutafuta maneno ya Kiswahili, na mara nyingine akiyakosa na kuonyesha kwa mikono. Malith alikuja pale kwa miguu, tumbaku mkononi, akaomba wimbo wa fahali. Lokorio akamcheka, akamwambia wimbo wa fahali si mbuzi wa kupewa mtu. Malith akaenda zake. Akarudi. Akarudi tena, wakazoeana, wakawa wanaongea habari za ng'ombe mpaka jua linazama, maana na Malith kijijini kwao alikuwa na fahali. Mwisho Lokorio akampa wimbo wote, isipokuwa jina. Jina la fahali hutajwa na mwenye fahali, hata kwa sauti ya chombo asilitaje mwingine. Malith akakubali.

"Siku ingine naona yeye anakuja na ile kinanda kwa kichwa. Jua kali. Nikauliza, wewe umepatwa na nini? Akasema, Lokorio, mkono yangu ni mwizi. Nimekataza, lakini ikifika pale inaenda yenyewe kwa jina. Nipe kisu."

Alionyesha mahali, pale pale kando ya zizi. Malith alikifungua kinanda juu ya ngozi ya mbuzi, akatoa kitu kidogo ndani, akamkabidhi. Akasema: shika, sasa hata nikitaka siwezi.

Lokorio alivua pembe ndogo ya ugoro iliyoning'inia shingoni, akaimimina kiganjani. Katikati ya ugoro kulikuwa na kipande cha raba, cheusi, kidogo kama punje ya mtama.

Mbuzi walikuwa wakilia. Ayen aliitazama ile raba na kuona miaka yote ile, yeye akimtania mumewe mbele za watu kwamba hata kinanda chake ni kibogoyo, na mumewe akicheka pamoja nao.

Bior ndiye aliyechuchumaa. Alichuchumaa vumbini, suti na yote, akanyoosha mkono, na Lokorio akamwekea raba kiganjani. Bior naye alikuwa na fahali kwao Bor. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu mwingine akimwita fahali huyo kwa jina. Akaifumba ile raba kiganjani.

"Na fahali wako, mzee, yuko wapi?"

"Alikufa. Ule mwaka ya ukame." Lokorio alipangusa ugoro kwenye paja. "Mimi mwenyewe siwezi kuita yeye tena. Nitaita nani? Lakini Malith alikuwa anaweka yeye pale, kwa ile kimya. Nilikuwa naenda Lodwar, nasimama nje ya hoteli, kwa ua. Askari anakataa fimbo. Si kitu. Wimbo inafika pale, inanyamaza, mimi naona fahali yangu anapita. Watu wanaruka. Hawajui wanarukia nani." Akaivaa tena pembe yake shingoni. "Sasa Jumapili nimesikia mnatupa yeye kwa watoto."

Arek alikuwa amejifunika uso. "Sikujua, baba," alisema.

"Najua hukujua."

Alichukua tumbaku. Sukari alimpa mke wake. Bior alipomwuliza kama atakuja Jumamosi, alisema tu kwamba amesikia. Na alipowageuzia mgongo waligundua raba imebaki mkononi mwa Bior.

*

Kutoka kambini lazima uwe na kibali. Karani alimwuliza Arek shughuli yake Lodwar, Arek akasema muziki, na ofisi nzima ikacheka. Hakuna kibali cha muziki, karani alisema, akamwandikia hospitali. Jumamosi, hotelini, askari wa lango aliwaambia kuna waheshimiwa wa kaunti mpya leo, vyombo na wenye vyombo wapitie jikoni. Ayen na Arek wakapita katikati ya sufuria na kuku waliochinjwa, kinanda mabegani. Bior alipigiwa saluti kwa ajili ya suti yake, akapita mbele, na alipoketi hakuonekana kufurahia kiti.

Mshereheshaji alisoma kwamba wanamkumbuka mkimbizi mmoja aitwaye Malisi. Nathan akainama kwenye kipaza sauti. "Malith," alisema. "Mtunzi."

Walianza na ile foleni. Waheshimiwa walicheka, mmoja akaigiza mtu aliyebeba gunia, meza yake ikapiga makofi. Besi ilisogea hatua moja, ikasimama. Ikasogea. Mkono wa kulia wa Arek ulianza ugomvi, ukagombana, ukachoka kugombana, ukabaki kuuliza swali moja dogo tena na tena, kama mtoto aliyechoka kubebwa. Vicheko vikapungua meza baada ya meza. Wapishi walitoka jikoni na aproni zao. Bior alikuwa ameacha kutazama saa. Alikuwa akiitazama mikono ya yule binti kana kwamba kaka yake yuko pale, ila amejificha, na wakati wowote atainua kichwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Nathan alipojiandaa kuhesabu kuingia "Fahali wa Lopur". Kabla hajaanza, Bior aliinuka. Nje ya ua alikuwa ameona ncha ya fimbo.

Askari alikuwa ameshanyoosha mkono. "Mzee na fimbo hapana."

"Ni mgeni wangu," Bior alisema.

"Mkubwa, leo kuna waheshimiwa."

"Wimbo ni wake. Wao wamealikwa, yeye ndiye mwenyewe."

Lokorio akaingia na shuka lake, fimbo yake na kigoda chake, akapita kati ya meza akakiweka kigoda mbele kabisa, pembeni ya viatu vya waheshimiwa. Watu wa Lopur waliokuwa wamesimama nyuma wakasogea.

Besi ikatembea. Kimya cha kwanza kilipofika, kidole cha Arek kilienda chenyewe kwenye kitufe, kikakibonyeza, na kitufe hakikulia, kwa maana raba ya fundi Arek aliitoa kwa mkono wake mwenyewe Jumatatu ile ile waliporudi kutoka Lopur. Alikutana na baba yake hapo, katika kitu kilichokataa kulia. Ukumbi ukaruka. Miguu ikatua. Vikombe vikaruka mezani. Kimya cha pili vilevile, na mheshimiwa mmoja akajikuta amesimama.

Kimya cha tatu Lokorio aliinuka. Alipandisha mikono juu ya kichwa, ikapinda kama pembe, moja imeshuka kidogo kuliko nyingine, na wenye kujua wakajua ni pembe za nani. Watu wake wakashika pumzi. Akafungua kinywa akaita, kwa sauti ya mtu anayeita mnyama wake arudi kutoka mbali, jioni, wakati zizi limeshafunguliwa.

"Malith. Malith."

Ilijaza mapigo manne, sawasawa. Hakuna aliyeruka. Nathan, ambaye katika maisha yake ya ngoma hakuwahi kuchelewa, alichelewa. Ilibaki kwa Arek kuushika wimbo kutoka chini kwa mkono wa kushoto na kuupandisha tena, machozi yakiangukia vitufe, na Ayen aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni akakaa chini pale pale.

Walipomaliza hapakuwa na makofi mara moja. Yalikuja baadaye, na yalipokuja hayakutaka kwisha.

Bior alivua koti. Alilikunja kama kata ya kubebea mzigo, akaliweka kichwani, akainama mbele ya kinanda. Arek alitaka kumsaidia, akamkataza kwa kidole. Alinyanyuka nacho taratibu, shingo imekaza, na waliotoka Kakuma, ambao tangu ile ahadi ya benchini walikuwa wamejiandaa kumcheka siku hiyo, hawakucheka. Walimpisha.

Askari alimwona anakuja, akakimbilia upande wa jikoni kumfungulia. Bior hakugeuka. Alienda moja kwa moja lango kubwa, Lokorio pembeni yake, wanawake nyuma. Askari akarudi mbio, akafungua ubao mmoja wa lango. Kinanda ni kirefu, hakipiti hapo. Bior akasimama, jasho likimteremka kwenye kola, akangoja mpaka askari alipofungua na wa pili.